Mbwa Asiye na Mwenyewe

Katika vijiji vya Mbozi, Momba na Ileje, na zaidi sana katika mitaa ya Tunduma, kuna usemi unaotumika kana kwamba ni ukweli usiohitaji shahidi: "mbwa asiye na mwenyewe." Akiuma mtoto, hana mwenyewe. Akiingia zizini usiku na kurarua mbuzi, hana mwenyewe. Akigongwa na lori, analala barabarani siku tatu kwa sababu hana mwenyewe. Sisi tunaohudumu katika sharika za eneo hili tunaukataa usemi huo. Si kweli, na watu wanakufa kwa sababu yake.

Mbwa wa mtaani hakuletwa na mafuriko ya mto Momba, wala hakuvuka kutoka Nakonde na pasipoti mkononi. Alizaliwa nyuma ya jiko la mtu. Watafiti waliofanya kazi miaka mingi katika vijiji vya Tanzania wamekuta kwamba mbwa wengi tunaowaona wakizurura wana nyumba wanayoijua, na nyumba hiyo inawajua. Wameachwa tu wajitafutie. Asubuhi wapo machinjioni, mchana wapo jalalani, jioni wapo nyuma ya mabanda ya mama lishe kando ya foleni ya malori, na usiku wanarudi kubweka katika ua ambao ukiwauliza wenyeji wake kesho yake, watakana. Zaburi ya 59 inawataja mbwa wanaorudi jioni na kuuzunguka mji wakitafuta chakula. Mtu wa Tunduma hahitaji mfasiri wa maneno hayo.

Vijijini mambo huenda kwa njia nyingine kidogo, lakini mwisho ni ule ule. Mahindi yanapoanza kubeba, nguruwe pori wanakuja usiku, nyani na ngedere wanakuja mchana. Mwenye shamba, au kijana aliyelala kwenye kibanda cha kulinda, anahitaji mbwa, tena si mmoja. Anakusanya watano au sita, anawafundisha kufukuza kwa pamoja, na siku wakimzingira nguruwe hadi akachomwa mkuki, wanasifiwa kijiji kizima. Kisha mahindi yanavunwa. Kibanda kinabomolewa, kijana anashuka mjini kutafuta vibarua, na mbwa wanabaki. Hakuna anayewapa hata ukoko wa ugali. Wamefundishwa kuwinda kwa kundi, sasa hakuna nguruwe wa kuwinda, na jirani ana mbuzi. Tunashangaa nini mwezi wa nane tunaposikia kilio zizini? Magunia yaliyojaa ghalani yamelindwa na mbwa hao hao ambao sasa tunawaita wanyama waharibifu.

Ndipo unapoitwa msako. Taarifa ya mbwa kichaa inaenea, mtu ameumwa, watu wanataka kuona jambo likifanyika. Inatafutwa bunduki, au inachukuliwa nyama na kutiwa sumu, mara nyingine dawa ile ile ya kuulia wadudu shambani, na kutupwa njiani usiku. Asubuhi mizoga inahesabiwa, na watu wanapumua. Tumewasikia waumini wetu, tena wazee wa kanisa, wakimshukuru Mungu kwa hesabu hiyo.

Wapendwa, tuitazame kazi hiyo kwa macho ya mtu anayetaka kweli ugonjwa uishe. Mbwa aliyeshikwa na kichaa koo lake hupooza. Kumeza kwake ni taabu. Nyama ya sumu, basi, huliwa kwanza na nani? Huliwa na mbwa mzima mwenye njaa. Huliwa na paka, na kuku anayedonoa matapishi ya mbwa huyo, na tai wanaoshukia mzoga. Inaweza kuokotwa na mtoto. Bunduki nayo humpata kwa urahisi yule mbwa mpole anayemsogelea mtu, na pengine ndiye pekee mtaani aliyewahi kuchanjwa. Aliyechanjwa alikuwa ukuta kati ya ugonjwa na watoto wetu, nasi tumeubomoa. Wiki mbili baadaye aliyeuawa mbwa wake anamchukua mwingine kwa jirani, mtoto mchanga, asiye na chanjo, na hesabu inaanza upya.

Wala hatukuwa wa kwanza kujaribu njia hii. Kisiwa cha Flores nchini Indonesia hakikuwa na kichaa cha mbwa hadi mwaka 1997, ugonjwa ulipoingia na mbwa waliosafirishwa kwa mashua. Wakubwa wa huko waliamua kuua. Waliua mamia ya maelfu ya mbwa kwa miaka michache, na ugonjwa haukuondoka. Bali, kisiwa kingine cha nchi hiyo hiyo, ulipofikiwa mwaka 2008, nao walianza kwa kuua mbwa kwa sumu, watu wakaendelea kufa, mpaka walipogeukia kuchanja mbwa kisiwa kizima. Lakini kwa nini twende mbali? Pemba ni kwetu. Huko mbwa walichanjwa kwa kampeni za mfululizo, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umekoma. Chanjo ilipolegea, ugonjwa ulirudi mwaka 2016. Walichanja tena, na mwaka 2018 ukakoma tena. Siri ya jambo hili si kubwa: wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi, na kazi hiyo ikirudiwa kila mwaka kwa sababu mbwa wetu hawaishi sana na watoto wao wanazaliwa kila mara, virusi hukosa pa kwenda.

Mtu atasema, "Baba Mchungaji, hubiri Injili, mambo ya mbwa waachie watu wa mifugo." Tunamjibu kwamba sisi ndio tunaoitwa mwishoni. Kichaa cha mbwa si ugonjwa wa kufa nao kimyakimya. Kirusi huingia kwa jeraha, husafiri polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, wakati huo jeraha limepona na nyumba imesahau. Dalili zikianza, hakuna hospitali ya kumrudisha mgonjwa. Ana kiu na anaogopa maji. Akiletewa kikombe, koo linakaza na mwili unaruka. Anamjua mama yake, kisha hamjui, kisha anamjua tena. Aliyewahi kuketi kando ya kitanda hicho na kuombwa asome Zaburi hatamwambia mwenzake kwamba mbwa si jambo la kanisa. Watafiti wamekadiria kwamba Tanzania hupoteza watu wapatao 1,500 kila mwaka kwa njia hii, na dunia nzima watu 59,000, karibu wote kwa meno ya mbwa, wakiwemo watoto wengi. Na haya yanatokea wakati chanjo ya binadamu imekuwepo tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mvulana wa miaka tisa aliyeumwa, naye akaishi.

Hapa tuna neno kali kwa ndugu zetu wanaompeleka mtoto aliyeumwa kwenye maombezi kwanza, au kwa mganga kwanza, na zahanati baadaye "hali ikibadilika." Hali ikibadilika mmechelewa. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nzima, kisha mpeleke kituo cha afya siku ile ile, na wakikuelekeza hospitali ya wilaya, nenda. Ombeni njiani. Ombeni kwenye foleni. Mchungaji au mwinjilisti anayemwambia mzazi kwamba sindano ni kukosa imani ana deni la damu, na tunasema hivyo tukijua kwamba kitabu hiki kitasomwa na baadhi yao. Tusisahau pia kwamba sindano hizo huchomwa kwa awamu, na familia ya mkulima hulipa nauli kila awamu, na mara nyingi hulipia na dawa yenyewe. Tumeona mahindi ya chakula yakiuzwa kwa ajili hiyo. Mwenye mbwa, wakati huo, anaendelea kusema hamjui.

Huyo ndiye tunayemtaka. Musa alimjua tangu zamani. Katika Kutoka 21 imeandikwa habari ya ng'ombe anayempiga mtu pembe hata akafa. Kama hakuwa na desturi hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini kama alizoea kupiga pembe, na mwenyewe ameonywa asimfunge, shauri linageuka, na adhabu inamfikia mwenye ng'ombe pia. Hebu tuitumie sheria hiyo mtaani kwetu. Nani katika mkoa huu wa Songwe hajaonywa? Redio imesema, afisa mifugo wa kata amesema, mwenyekiti wa kijiji amesema mkutanoni. Serikali imeweka Sheria ya Magonjwa ya Wanyama mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Musa hakutoa nafasi ya kusema "ng'ombe asiye na mwenyewe." Sasa sisi tunamuua mnyama, tunamwacha aliyeonywa aende zake, na Jumapili anapita mbele na bahasha ya ahadi.

Luther, anapoieleza amri ya tano katika Katekisimu Ndogo, haachi jambo kwenye kutoua tu; anadai tumsaidie jirani katika kila hitaji la mwili wake. Watoto wetu wa kipaimara wanayakariri maelezo hayo vizuri sana. Baba zao wawaulize, chakula cha jioni kikiisha, kama mwili wa jirani ni pamoja na mguu unaoweza kung'atwa na mbwa wetu. (Luther huyo huyo alifuga mbwa, Tölpel jina lake, na alipomwona akikikodolea macho kipande cha nyama, alitamani angeweza kuomba kwa makini namna ile. Hatujui kama alimfunga kamba.)

Tusieleweke vibaya. Hatuandiki haya kwa kuwapenda mbwa kuliko watu. Mbwa mwenye dalili za kichaa lazima auawe, upesi, na mtu anayejua kazi hiyo, na mzoga wake ushughulikiwe kwa maelekezo ya mtaalamu. Kundi lililokwisha zoea kuua mbuzi na kushindikana, wahusika waliondoe. Lakini mbwa aliyeuma akiwa hana dalili yoyote, kumpiga rungu na kumtupa mtoni ni ujinga. Akifungwa na kuangaliwa siku kumi, wakati aliyeumwa tayari ameanza sindano, tutajua kama alikuwa mgonjwa. Mzoga uliokwenda na maji hautuelezi lolote.

Na mjini, msako wa kila mwaka hautafaa kitu maadamu damu na matumbo vinamwagwa nyuma ya mabucha na taka zinakaa wiki nzima bila kuzolewa. Meza hiyo tumeiandaa sisi. Ukiua waliokuja kula leo, kesho watakuja wengine kutoka mtaa wa pili, hata kutoka ng'ambo ya mpaka, maana mpaka wetu mbwa hawaujui.

Kuna sharika zinazochanga mamilioni kwa vyombo vya muziki. Hatuna ugomvi na muziki. Tunauliza tu kama usharika unaoweza kununua kinanda unashindwa kulipia mafuta ya pikipiki ya afisa mifugo ili afike mtaa wa mbali wenye barabara mbaya. Chanjo ya mbwa mmoja ni rahisi kuliko jogoo tunayemnadi siku ya mavuno. Mwenye mbwa sita wa kuwindia nguruwe hana udhuru: auze debe moja la mahindi ambayo mbwa hao wameyalinda. Mjane mwenye mbwa mmoja mlangoni, na hana kitu, huyo achukuliwe na mfuko wa diakonia bila kuulizwa maswali mengi.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi chanjo hutolewa bure au kwa bei ndogo karibu na siku hiyo. Tunataka baraza la wazee la kila usharika limwandikie afisa mifugo kabla ya mwezi wa nane, limpe uwanja wa kanisa, na litangaze kwenye ibada Jumapili tatu mfululizo, baada ya matangazo ya ndoa, wakati watu bado wanasikiliza. Vijana wapite nyumba kwa nyumba na daftari, waandike mbwa na jina la mwenye mbwa. Nyumba itakayosema haina mbwa, na mbwa amelala mlangoni, iandikwe hivyo hivyo. Siku ya chanjo mbwa waje wamefungwa kamba, wakiletwa na watu wazima wanaowamudu, si watoto.

Tayari wapo waliotuuliza kama uwanja wa kanisa hautanajisika kwa mbwa. Wamwulize mlinzi wa usiku ni mbwa wangapi wanaolala barazani pale sasa, na ni wa nyumba zipi. Anawajua wote.