Chuma cha Mhunzi na Fumbo la Nuru

Bila shaka umepata kumwona mhunzi akifua chuma. Kikianza kupata moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha manjano, na hatimaye hukaribia weupe. Mbona hakianzi na buluu? Swali hilo, lionekanalo la kitoto, liliwashinda wataalamu; kwani kwa hesabu za zamani kila kitu chenye joto kingepaswa kutoa nuru isiyo na kikomo ya mitetemo ya kasi.

Desemba 1900, mjini Berlin, Max Planck alitoa jibu: nishati haitoki mfululizo kama maji ya bomba, bali kwa mafungu, na kadiri mitetemo iwavyo ya kasi, ndivyo fungu liwavyo kubwa. Fungu la buluu ni ghali kuliko la wekundu, na chuma chenye joto dogo hakina uwezo wa kulilipa.

Palikuwapo fumbo jingine. Nuru ikiangukia metali huweza kung'oa elektroni. Lakini mwaka 1902 Philipp Lenard alionyesha kuwa kuongeza ukali wa nuru huongeza idadi ya elektroni, wala si nguvu ya kila moja.

Mwaka 1905 Albert Einstein, kijana wa miaka 26 katika ofisi ya kusajili uvumbuzi mjini Bern, aliichunguza nuru ya vitu vyenye moto, akakata shauri kuwa nuru yenyewe husafiri kwa mafungu. Tuseme kiingilio cha sinema ni shilingi mbili. Watu mia wenye shilingi mojamoja, wasioruhusiwa kuchanga, watabaki nje wote. Aje mmoja mwenye shilingi tatu, ataingia na chenji mkononi. Chenji hiyo ndiyo mwendo wa elektroni.

Wengi walikataa. Robert Millikan, huko Chicago, alipima kwa miaka mingi bila kuiamini nadharia hiyo. Vipimo vyake vya 1916 vikaithibitisha. Namba aliyoipata kwenye metali ilikaribiana mno na ile aliyoipata Planck kutokana na tanuri. Milango miwili, nyumba moja.

Millikan hakulipenda jibu, lakini aliliandika kama alivyolipima. Basi mwanao akikuuliza mbona chuma kimeiva kikawa chekundu, usimnyamazishe. Swali hilo limekwisha kuwatoa jasho wakubwa.