Jina la Husen Lirudi Nyumbani

Mwaka 1919, mwaka ambao Ujerumani ilinyang'anywa rasmi Tanganyika, watu wa Berlin walichekeshwa na sinema bubu iitwayo Die Austernprinzessin, kazi ya Ernst Lubitsch. Binti wa tajiri wa chaza anataka kuolewa na mwana wa mfalme. Mtumishi aliyetumwa kuchungulia anadhaniwa ndiye bwana wake, akafungishwa ndoa kwa jina la bwana huyo. Baadaye binti anampenda mwana wa mfalme mwenyewe. Kumbe kwa cheti wamekwisha kuoana! Sisi wa Zirai tuliokalia mkeka wa chuoni tunajua ndoa hiyo ina maneno, lakini tulicheka.

Kilichotunyamazisha ni watumishi weusi waliosimama nyuma ya tajiri yule. Hawana neno wala jina.

Miaka kumi baadaye alifika Berlin mzaliwa wa Dar es Salaam, Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana huko kama Bayume Mohamed Husen. Yeye na baba yake walimtumikia Mjerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, naye alidai mishahara iliyosalia. Akajibiwa kwamba amechelewa. Akawa mhudumu wa mkahawa, na akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kilekile ambako Mzanzibari Amur bin Nasur alifundisha tangu 1891. Ndugu zetu wa visiwani, basi, wasidhani haya ni ya bara peke yake.

Kuanzia 1934 Husen alionekana katika sinema zaidi ya ishirini, aghalabu akiwa boi au askari. Ya mwisho, ya mwaka 1941, ilimtukuza Carl Peters, yule wazee wetu waliyemwita Mkono wa Damu. Mwaka huohuo alikamatwa kwa kosa la kupendana na mwanamke mweupe, akatiwa kambi ya Sachsenhausen pasipo hukumu. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Rais Steinmeier aliomba msamaha Songea mwaka 2023. Wakuu wetu wanapoketi na Wajerumani kuzungumzia mafuvu ya mashujaa, wadai pia nakala za sinema hizo na majalada ya Husen, ziwekwe katika Nyaraka za Taifa, wanafunzi wazione. Berlin iliweka kijiwe chenye jina lake mwaka 2007, Brunnenstrasse, alikokaa. Nasi twaomba mtaa mmoja, Dar es Salaam, alikozaliwa.