Kazi ya Ndegeni si Kumimina Chai Tu



Hapa Kitale na Bungoma wengi husema kazi ya ndegeni ni kuvaa vizuri na kumimina chai. Siyo hivyo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mhudumu wa ndege ni kama gadi wa treni: kwanza hulinda roho za abiria. Hufundishwa kuzima moto na kuwatoa watu upesi. Ndege ya Kenya Airways ilipoanguka Abidjan, Januari 30, 2000, walikufa watu 169, wafanya kazi wake wakiwamo. Agosti 2025 wahudumu wa Air Canada waligoma kwa kuwa kazi yao kabla ya ndege kuruka haikulipwa. Gadi angekubali kulipwa treni ikitembea tu? Basi, tusiwaonee wivu. Wakidai haki, tuwaunge mkono.