Tovuti Yako Ni Nyumba Yako



Dada mmoja mshonaji wa kofia za viua alinijia na huzuni. Kwa miaka mingi alikuwa akiweka picha za kofia zake katika akaunti ya mtandao wa kijamii. Simu ikaibwa, nambari ikapotea, na akaunti ikakataa kufunguka. Picha zilionekana na kila mtu, ila mwenyewe hakuweza kuongeza wala kuondoa hata moja. Nikamwambia, "Dada yangu, ulikuwa mpangaji. Sasa jenga."

Nyumba niliyomkusudia ni tovuti sahili: mafaili machache ya maandishi na picha, ambayo kila mgeni huyakuta vile vile yalivyowekwa. Tovuti ya kwanza duniani, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee huko CERN, Uswisi, na kufunguliwa kwa umma mwaka 1991, ilikuwa ya namna hii, na nakala yake ingali yasomeka.

Binti yake alimsaidia. Walifungua akaunti GitHub, wakaunda ghala la mafaili lenye jina la akaunti likifuatwa na github.io, kisha wakaandika faili moja liitwalo index.html. Ndani yake mna alama za kueleza lipi ni kichwa cha habari, ipi ni aya na ipi ni picha. Alama kumi hivi zatosha kuanzia, na mtu huzijua kwa jioni mbili.

Kuanzia hapo kazi ya uchapishaji hujiendesha. Mama akisahihisha neno na kulihifadhi katika ghala, mtambo hutambua badiliko, huandaa kurasa upya na kuzipeleka hewani bila kuamrishwa tena. Kwa kawaida ni dakika chache, ingawa yaweza kufika 10. Akikosea, toleo la jana lingalipo, naye aweza kulirejesha. Malipo hakuna.

Lakini nyumba ina mlango, na mlango una adabu zake. Kwanza, katika akaunti ya bure ghala hili huwa wazi kwa watu wote, na historia yake huhifadhiwa. Picha uliyoifuta leo yaweza kupatikana kesho katika matoleo ya nyuma. Basi tafakari kabla ya kuweka, si baada yake. Usiweke nambari ya kitambulisho, wala picha ya mtoto aliyevaa sare ya shule. Picha ya simu yaweza pia kubeba ndani yake mahali ilipopigwiwa. Zima huduma ya mahali kabla ya kupiga. Sitara ya familia ni amana.

Pili, huduma hii haikuwekwa kwa ajili ya kuendeshea duka. Kuonyesha ufundi wako na kujitambulisha ni sawa. Kuuza na kupokea malipo humo hairuhusiwi. Mwislamu hutimiza sharti alilolikubali, hata kama hakuna amwonaye ila Mola wake.

Tatu, usirudie msiba wa simu. Utakapoweka ulinzi wa hatua mbili, utapewa misimbo ya kurejeshea akaunti. Iandike karatasini, uifungie kashani pamoja na hati zako. Nakala ya mafaili yote nayo ikae katika kompyuta au flashi ya nyumbani. Hapo hata mlango wa GitHub ukifungwa, utahamia kwingine na vyombo vyako vyote.

Juma lililopita dada yule alinionyesha ukurasa wake. Alikuwa amekosea jina la kiua kimoja, akakataa msaada wa bintiye, akasahihisha mwenyewe. Tukanywa kahawa tukingoja. Kahawa haijaisha, neno likawa limebadilika, naye akacheka kama aliyekabidhiwa funguo.

Mwenyezi Mungu atubarikie kazi za mikono yetu na azisitiri nyumba zetu. Amin.