Nani Kigeugeu?

Liko neno moja ambalo katika mikutano ya matawi sasa limegeuzwa fimbo. Neno hilo ni "kigeugeu". Mwanachama akisimama kuuliza habari za hesabu ya ada, husikika sauti kutoka meza ya mbele: "Keti wewe, kigeugeu! Mwaka jana si ulituunga mkono?" Basi watu wanacheka, na hesabu haisomwi.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Limetoka katika kugeuka, na limerudiwa ndani yake kama kizunguzungu na kiherehere. Kurudiwa huko si pambo. Aliyegeuka mara moja amegeuka tu. Kigeugeu ni yule asiyekoma kugeuka, wala hujui kesho ataamkia upande gani. Asubuhi anakuahidi, jioni anakuruka, na ukimwuliza sababu hana. Watu humwita kinyonga, nami naona mnyama yule anaonewa bure. Kinyonga hubadili rangi kwa joto, kwa hasira au kwa kumtaka jike, na vinyonga wenzake humwelewa!

Mwalimu Nyerere alikuwa mtetezi mkubwa wa mfumo wa chama kimoja, uliotiwa katika Katiba mwaka 1965. Mwaka 1990 yeye huyo huyo akawaambia watu hadharani kwamba vyama vingi ni jambo la kujadiliwa. Wengi waliotoa maoni mbele ya Tume ya Jaji Nyalali walitaka chama kimoja kiendelee, lakini vyama vingi vikaruhusiwa mwaka 1992. Je, Mwalimu alikuwa kigeugeu? Hasha! Aligeuka mchana, mbele ya watu, na sababu zake akazitaja.

Na tazameni jirani zetu wa Kenya, jinsi mizani ilivyochezewa huko. Mwaka 1964 chama cha KADU kilijivunja, wabunge wake wakaingia KANU, na hakuna aliyewaambia warudi kwanza kwa wapiga kura. Lakini Aprili 1966, Bwana Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU, Katiba ilibadilishwa mbio mbio: ahamaye chama aache kiti! Kumbe kuhamia kwa wakubwa ni umoja, kuwahama ni ugeugeu. Bwana Odinga alirudi Bondo kuomba kura upya, akashinda.

Basi mabwana wa meza ya mbele wasitutishe kwa neno wasilolijua. Kiongozi wa tawi anayeahidi Januari kwamba hesabu itasomwa Machi, Machi akasema Juni, na Juni akasema mweka hazina ana homa, neno hili lilishonwa kwa kipimo chake. Wanachama, mkutano ujao liiteni daftari la ada kwa jina lake, wala msiketi mpaka lifunguliwe mezani.