Safari ya Theluji: Mama Si Mlinzi wa Makoti



Kila ikikaribia Disemba, maswali ya wateja dukani kwetu hubadilika. Wale tunaowashonea mabaibui na kuwapelekea Ulaya na Muscat huanza kutuuliza habari za baridi. Mume ameshakata tiketi, watoto wanataka kuteleza kwenye theluji, na mama hajui avae nini wala atakwenda kufanya nini huko. Wengi hutuambia, "Mimi nitakaa ndani tu, niwashikie makoti."

Maoni yetu ni haya: kama familia imejaaliwa uwezo wa kwenda, mama asigeuzwe mlinzi wa makoti. Na ili asigeuzwe, lazima mahali pachaguliwe kwa kumfikiria yeye na watoto, si kwa kufikiria picha za kurusha mitandaoni.

Tutolee mfano kijiji cha Wengen, Uswisi, ambako tulialikwa na wifi yetu anayeishi nchi hiyo. Kijiji kiko mita 1,274 juu ya usawa wa bahari, na gari yako haifiki. Unaiacha chini bondeni Lauterbrunnen, kisha unapanda treni ya reli ya meno inayokukweza mlimani kwa muda wa kama robo saa. Treni hiyo ilianza kazi mwaka 1893. Ukishuka kituoni, hakuna honi wala foleni, isipokuwa vigari vidogo vya umeme vinavyobeba mizigo. Watu wanakwenda kwa miguu, na watoto wanavutwa kwenye vigari vya mbao vya theluji kama sisi tunavyovuta ndoo.

Kwa mama huo utulivu ni jambo kubwa. Mama wa watoto wadogo kila anapokwenda macho yake yako barabarani. Pale macho yanapumzika. Kiwanja cha wanaoanza kipo katikati ya kijiji, na skuli ya kufundishia kuteleza ipo hapo hapo, inachukua hata watoto wa umri wa chekechea. Mtoto akilia unamwona, akichoka unamrudisha chumbani kwa hatua chache. Mabonde makubwa yenye maduka ya fahari na muziki mpaka usiku yana wenyewe, lakini familia yenye mtoto wa miaka minne haina haja nayo.

Sasa turudi kwa mama. Wapo wanaosema kuteleza si jambo la mwanamke anayejisitiri. Sisi tunaoshona tunaona kinyume chake. Nguo za theluji ni miongoni mwa nguo zinazositiri zaidi duniani: koti refu pana, suruali nene ya juu, glavu, miwani mikubwa, kofia ngumu. Mlimani wanawake wote wamefunikwa, wa dini yetu na wasio wa dini yetu, na hakuna anayekugeukia.

Cha kuangalia ni mpangilio. Nguo ya ndani kabisa isiwe ya pamba, kwani pamba hunywa jasho ikakaa mbichi mwilini, na hapo ndipo baridi inapokupata. Chagua ya sufu au ya kitambaa chepesi kinachokauka upesi. Ya kati iwe ya kutunza joto. Ya nje isipitishe maji, na mishono yake iwe imezibwa kwa ndani. Mtandio mrefu uache hotelini: ncha inayoning'inia inaweza kunaswa kwenye viti vinavyopandisha watu mlimani. Vaa hijabu ya kuchomeka kichwani, nyembamba, isiyo na pini, halafu kofia ngumu juu yake. Usisahau mafuta ya kukinga jua, maana theluji hurudisha mwanga usoni kama kioo.

Ibada nayo inataka mpango. Mwishoni mwa Disemba jua huzama kabla ya saa 11 jioni, na kutoka Adhuhuri mpaka Maghrib hazitimii saa tano. Ukikaa mlimani bila kutazama saa, sala zitakupita. Yapo masuala ya msafiri, kama kupunguza na kukusanya sala, na kupangusa juu ya khofu badala ya kuvua viatu kwenye baridi. Muulize sheikh wako kabla ya kuondoka, si ukiwa umeshafika.

Chakula pia. Ile jibini ya kuyeyusha ambayo wageni wote huambiwa lazima waionje, fondue, kwa desturi hupikwa kwa mvinyo mweupe. Viazi vyao vya kukaanga, rösti, mara nyingine hutiwa vipande vya nguruwe. Usione haya kuuliza. Bora upange nyumba yenye jiko, ununue samaki, mayai na mboga, na bizari utoke nayo nyumbani.

Tunajua litakalosemwa: huu ni ufujaji. Tunakubali kwamba Uswisi ni ghali, na anayekopa ili aonekane ameteleza amejitia mashakani. Asiye na uwezo hajakosa kitu cha lazima. Lakini aliyejaaliwa anaweza kupunguza: watoto chini ya miaka 6 wakiwa na mzazi hawalipi treni, na vifaa hukodishwa, havinunuliwi. Epuka pia wiki ya mashindano ya Lauberhorn kila Januari. Yalianza 1930, njia yake ina urefu wa kama kilomita nne na nusu, na siku hizo kijiji hujaa watu na utulivu wote huondoka.

Kwetu sisi ufujaji mkubwa zaidi ni kulipa gharama yote hiyo, halafu mtu mmoja wa familia asipate chochote. Tuliwaona kina mama wa lugha mbalimbali wamekaa madirishani na rundo la makoti, simu mkononi, wakisubiri. Hawakuwa wazee wala wagonjwa. Hakuna aliyewakataza, hakuna tu aliyewauliza.

Basi baba, unapolipia masomo ya watoto, mlipie na mama yao. Siku mbili kwenye kiwanja cha wanaoanza zinatosha kujua kusimama, kusota na kuanguka salama. Akiendelea, abaki kwenye njia zenye alama ya buluu, ambazo ndizo nyepesi. Nyekundu na nyeusi awaachie waliozoea, na asitoke nje ya njia zilizowekewa alama, kwani huko ndiko theluji huporomoka. Akiona kuteleza hakumfai, zipo njia za kutembea kwa miguu na vigari vya mbao vya kushukia. Muhimu achague mwenyewe.

Na wewe mama, ukiulizwa utafanya nini huko, usikimbilie jibu la makoti. Makoti yana pa kutundikwa. Watoto wakikua watakumbuka kama mama alikuwa nao kwenye theluji, akianguka na kucheka, au alikuwa nyuma ya kioo.

Mwenyezi Mungu awajaalie safari za salama na kheri. Amin.