Uvumbuzi Hukimbia Lini?

Muhula huu tulikuwa na mdahalo juu ya neno hili: Kwa nini uvumbuzi hujikokota miaka mingi, kisha ghafula ukaanza kukimbia? Upande mmoja ulisema ni kwa kuzaliwa mtu mwenye akili kupita wenzake. Wa pili ulisema ni shida, maana mwenye shida halali. Siku ile nilikuwa mtunza saa, sikuruhusiwa kusema. Leo naomba nafasi.

Mimi naona pande zote mbili zilisahau mtu mmoja, naye ni fundi. Tazameni mtambo wa mvuke huko Uingereza. Shida ilikuwako: migodi ya makaa ya mawe ilijaa maji. Mwaka 1712 Thomas Newcomen aliunda mtambo wa kuyavuta, lakini ulikula makaa mengi mno. Akili nayo ilikuwako: mwaka 1765 James Watt, aliyetengeneza vyombo vya kupimia katika Chuo Kikuu cha Glasgow, aligundua kwamba mvuke ukipozwa katika chombo cha pembeni, silinda yenyewe hubaki na moto wake, na makaa hayapotei bure.

Mbona basi mitambo yake haikuanza kazi migodini na viwandani mpaka 1776? Fedha zilimpungukia, ni kweli. Lakini pia hakupata silinda iliyo duara sawasawa, na mvuke ulipenya kandokando ya pistoni. Mwaka 1774 John Wilkinson, mfua chuma, alipata njia mpya ya kutoboa mizinga, na kwa ufundi huo akamtobolea Watt silinda zake. Toka hapo mambo yalishika mbio: mwaka 1830 garimoshi lilikuwa likichukua abiria kati ya Liverpool na Manchester.

Sasa turudi kwetu. Saa ya karakana ikifika, wengi wetu wa darasa la juu hujificha maktabani, tukidhani tupa na msumeno ni vya walioshindwa mtihani. Nami nimefanya hivyo, na naona haya. Tukiendelea hivi, tutakuwa na akina Watt wengi wa daftarini, na silinda zetu zitavuja.

Nanyi ndugu mliotutangulia hapa, mlio mafundi, njoni Jumamosi mtufundishe. Kidole kimoja hakivunji chawa.